Maji ya Kuogelea Si Maji ya Kuvua

Likizo ya Juni inakaribia, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: watoto tuwapeleke wapi wakacheze na maji? Ninazijibu nikiwa kibarazani kwangu hapa Tengeru, mwendo wa miguu tu kutoka Ziwa Duluti. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nilizaliwa Lang'ata, kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu. Baba alikuwa mvuvi aliyetoka Ziwa Nyasa akalifuata bwawa lilipoanza kujaa miaka ya 1960. Mama alibanika perege na kuwapeleka sokoni Moshi kwenye matenga. Niliyajua maji kabla sijajua kusoma, na kwa sababu hiyo siyachukulii kirahisi mpaka leo.

*Shikamoo mama. Tunaishi Njiro. Watoto wetu ni watatu: wa miaka 12, wa 8 na wa 4. Baba yao anataka kuvua, mkubwa anataka kupiga kayaki, wadogo wanataka kuogelea. Tuna Jumamosi moja tu na gari dogo. Wapi tutapata vyote vitatu? — Mama Watatu, Njiro*

Marahaba, mwanangu. Nikwambie mapema usije ukachoma mafuta bure: mahali pamoja penye vyote vitatu, ambapo mimi ningemshusha mtoto wa miaka 4, hapa kwetu hapapo. Maji mengi ya Arusha na Kilimanjaro ni maji ya volkano. Duluti na Chala ni mashimo ya volkano yaliyojaa maji, kingo zake zimesimama kama ukuta wa bakuli. Momella ni maji ya magadi. Chemka ni chemchemi. Materuni ni maporomoko yanayoshuka kutoka msitu wa Kilimanjaro, ubaridi wake unauma mifupa. Nyumba ya Mungu na Jipe zina samaki, na zina mamba na viboko pia. Kila maji yana kazi yake. Maji ya kuogelea si maji ya kuvua, na ya kuvua si lazima yawe ya kupiga kafi. Wanaoumia ni wale wanaofika ziwani kwa kayaki, wakaona maji yametulia, wakavua viatu.

Kwa hiyo gawa siku. Asubuhi nendeni Duluti kupiga kafi, mchana mwende kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, uvuvi uwekeni siku nyingine. Huo uvuvi nimemjibu mzee wa Machame hapo chini, baba yao asome.

Duluti ni kilomita kama 14 kutoka mjini. Ukifika Tengeru unakata kulia kutoka barabara ya Moshi, gari dogo linafika. Jumamosi ni siku ya soko la Tengeru, hivyo piteni kabla ya saa mbili, la sivyo mtakaa kwenye foleni ya pikipiki na mikungu ya ndizi. Msitu unaozunguka ziwa ni hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Mtalipa getini, mtapewa mwongozaji, majaketi okozi na mitumbwi. Maji ya asubuhi huwa yametulia kama mafuta. Mchana upepo ukiinuka, mikono ya mtoto wa miaka 12 haitamfikisha mbali. Saa nzima inatosha. Mkienda taratibu karibu na mafunjo mtaona mdiria akichupa, mnandi akikausha mabawa, na kenge amelala juu ya gogo. Huyo kenge wadogo watamkumbuka kuliko kayaki yenyewe. Mkishuka, zungukeni ziwa kwa miguu kwenye njia ya msituni, kima watawafuata juu ya miti.

Sasa jaketi, maana hapo ndipo sitaki uone haya. Likiletwa la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 4, likatae. Mvalishe, funga vifungo vyote, halafu lishike mabegani umnyanyue juu kidogo. Likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, hilo si lake. Majini atachomoka chini na jaketi libaki linaelea peke yake. Kama hakuna dogo, mdogo abaki nchi kavu na mmoja wenu, wengine waende. Atalia dakika tano.

Kuogelea Duluti hapana. Ni kreta ile. Unaweza kukanyaga hatua mbili maji yako magotini, ya tatu huna chini, na mafunjo yanashika miguu.

Kwenye bwawa la hoteli nako msilegee. Miaka tisa iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye bwawa la hoteli moja ya mjini. Alikuwa na miaka 6. Sakafu ya bwawa lile iliteremka polepole kutoka maji ya kifuani kwenda kwenye kina, bila kamba ya kutenganisha, na mlinzi wa bwawa hakuwepo. Nilikuwa nimekaa mita nne kutoka kwake, naongea na shemeji yangu. Nilipogeuka nilimwona amesimama wima majini, kichwa amekilaza nyuma, mdomo sawa na maji, mikono inakandamiza maji kwa pembeni kama mtu anayepanda ngazi. Hakuna kelele. Watoto wengine walikuwa wanacheka karibu yake wakidhani naye anacheza. Niliingia na kitenge na viatu. Kila mzazi anapaswa kuijua sura ile, kwa sababu wengi tunasubiri ukelele. Mtoto anayezama hapigi ukelele. Pumzi ya kupigia hana.

Tangu hapo nimeirudisha sheria ya baba yangu, ambayo kwa ujinga wangu nilidhani ni ya bwawani Lang'ata tu. Tuliiita «mtu mkavu». Popote watoto wanapoingia majini, mtu mzima mmoja anabaki mkavu. Haogelei, hali, hashiki simu, hapigi soga. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Akichoka anamkabidhi mwenzake kwa sauti: «Shika vichwa.» Na mwenzake anajibu: «Nimeshika, vitatu.» Bila jibu hilo hujakabidhi. Wewe na baba yao pokezaneni nusu saa nusu saa.

*Dada, habari za kazi. Mimi ni fundi gereji hapa Pasua, Moshi. Wanangu wawili wananisumbua niwapeleke Chemka. Hawajui kuogelea, na mimi pia sijui. Mama yao anaogopa, anasema maji yanachemka kweli. Niende nisiende? — Baba Pasua*

Nzuri, kaka. Mwambie shemeji kwamba maji hayaunguzi. Jina limetokana na jinsi yanavyotoka ardhini: simama kwenye ukingo utazame chini, utaona mchanga ukitutumka na mapovu yakipanda kama sufuria iliyoanza kuchemka. Ukiweka mkono ni vuguvugu tu. Juni na Julai, Arusha kukiwa na wingu na sweta mpaka saa tano, uwanda wa Hai chini ya Boma Ng'ombe huwa na jua, na maji yale hayajali baridi ya mlimani. Kwa likizo hii hakuna maji mazuri ya kuoga kuliko Chemka.

Tatizo lake ni uzuri wake. Maji ni maangavu mno, unaona mizizi ya mikuyu mpaka chini, unaona vidole vyako, unaona visamaki vidogo vinavyokuja kudonoa ngozi ya nyayo. Basi jicho linakudanganya. Mwanga ukitoka majini hupinda, na ukitazama kutoka juu, maji ya kina cha mita 4 yanaonekana kama ya mita 3. Mtu mzima anaruka akidhani atasimama, anakuta hafiki. Nimeona vijana wenye misuli wakitoka pale wamebadilika rangi.

Nenda, ila kwa masharti haya. Nenda siku ya kazi, au ufike kabla ya saa tatu. Jumapili na sikukuu pale ni muziki, bia na watu wanaorukia vichwani mwa wenzao. Huwezi kuhesabu vichwa kwenye umati ule. Barabara kutoka Boma Ng'ombe ni ya vumbi, kiangazi utakula vumbi, masika utakwama. Kwa fundi kama wewe hilo si neno. Kamba ile ya kubembea na kurukia majini, wanao wasiiguse mpaka wajue kuogelea. Na ukikodi mpira wa gari wa kuelea, jua kwamba ni mchezo, haumwokoi mtu. Mtoto anapita katikati ya mpira kama pete kwenye kidole chembamba. Waazimie au wanunulie majaketi okozi mkiwa bado Moshi. Lingine: msiyafuate maji yanakoelekea. Yanaingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa unakwenda Nyumba ya Mungu. Huko chini mto ni wa mamba.

Umeniambia wewe mwenyewe hujui kuogelea, na nakushukuru kwa kusema, maana wanaume wengi hawasemi. Mtu mkavu asiyejua kuogelea bado ana kazi. Kaa na kamba ndefu au mti mrefu karibu yako, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, ulilofunga kamba. Mtu akishikwa na maji unalala kifudifudi ukingoni, unamrushia dumu, unamvuta. Usimwingilie majini. Anayezama hukukwea, mkazama wawili, na waliobaki nchi kavu wakawa watoto peke yao.

Likizo ikiisha, jiandikisheni wote watatu kujifunza. Hoteli kadhaa za Moshi zina mabwawa, YMCA nao wana lao, na waalimu hupatikana ukiulizia. Kinachofaa kwanza si mtindo wala mwendo. Ni kulala chali juu ya maji, masikio yamezama, kifua kimejaa hewa, ukahema taratibu. Mtoto akiweza kukaa hivyo dakika mbili, hata akianguka majini siku moja bila wewe, ana muda wa kusubiri mkono.

*Mama shikamoo. Sisi ni wanachuo wanne hapa Moshi. Tunataka kwenda Ziwa Chala, tuogelee kisha tupige picha. Wenyeji wametuambia mamba waliisha. Ni kweli? — Mwanachuo, Moshi*

Marahaba. Msiogelee. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza wa miaka 18 aliyekuwa akiogelea na wenzake aliuawa na mamba katika ziwa hilohilo, na yeye pia alikuwa na marafiki na siku nzuri. Ziwa ni refu kwenda chini, kwa karibu mita 90, na kuta zake ni za kuporomoka. Hata kusingekuwa na mamba, ukichoka katikati huna pa kukanyaga. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita ndani yake, basi mamba aliyetoweka upande mmoja huenda yuko upande wa pili. Simameni juu ukingoni saa kumi jioni, jua likiwa nyuma yenu, mtazame rangi ya yale maji, kijani inayogeuka buluu kila wingu linapopita. Mle ndani kuna perege wa peke yake ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza akiwa Chala. Picha mtazipata nzuri, na nguo zitarudi kavu.

*Mwalimu wangu, salamu. Nafundisha darasa la sita, Moshi. Tunapanga safari ya wanafunzi 40 kwenda Hifadhi ya Taifa Arusha, na kuna mzazi amependekeza wapige kayaki Momella. Inawezekana? Watavua samaki pia? — Mwalimu wa Sayansi*

Salamu, mwalimu mwenzangu, ingawa mimi nafundisha maji tu. Kupiga kafi kupo, Momella Ndogo, kwa kuongozwa. Lakini si kwa watoto 40. Mitumbwi haitoshi, na hata ingetosha, ziwa lile lina viboko na ukingoni huja nyati. Kundi kubwa la watoto wenye furaha halinyamazi. Chagua wanane wanaojua kuogelea, kwa kura ya wazi darasani ili asinung'unike mtu, na ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Wengine wabaki kwenye basi na waalimu wazunguke Ngurdoto kutazama mbega weusi wenye mikia myeupe. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kontroo namba, kwa hiyo andika mapema, usifike getini na bahasha ya michango. Kwa raia kiingilio ni kidogo sana kuliko cha wageni. Hakikisha vitambulisho vya waalimu na barua ya shule vipo.

Kuvua hakuna. Ni hifadhi, na maji yenyewe ni ya magadi. Hilo lifanye kuwa somo lako. Mlima Meru ulibomoka upande wa mashariki, matope na mawe yakamwagika, na kwenye mabonde yaliyobaki katikati ya vifusi maji yakakusanyika. Maziwa yale hulishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi, na kila moja lina madini yake na mwani wake, ndiyo maana rangi zinatofautiana yakiwa jirani. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wanakuja kula mwani huo. Waonyeshe watoto jinsi heroe anavyopindua kichwa chini juu akichuja maji kwa mdomo.

Mkiwa njiani kutoka Moshi mtapita Maji ya Chai. Simamisha basi. Mto ule una rangi ya chai kweli, na maji ya ukanda huu wote wa Meru yana madini ya floridi kupita kiasi; ndiyo yanayotia meno ya watu wetu rangi ya kahawia tangu utotoni. Kuna watoto darasani kwako wanaoficha meno wanapocheka. Wakijua kwamba ni mlima uliofanya hivyo, na si uchafu wao, nadhani watacheka wazi.

Maji ya kunywa bebeni ya kwenu. Na kwa wale wanane, mtu mkavu wao ni wewe.

*Je, kichocho kipo kwenye maji ya huku? — Msomaji, Usa River*

Kipo, hasa maji yanayokwenda polepole au kutuama yenye majani na konokono. Mifereji ya mpunga ukanda wa chini wa Moshi, Mabogini na Chekereni, msiwaache watoto wakaoga mle hata kama wa kijijini wanaoga. Mkojo wenye damu, au tumbo kuuma na kinyesi chenye damu wiki kadhaa baada ya safari, nenda kituo cha afya ukapimwe, na useme uliogelea wapi. Dawa ipo na inatibu.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 71, Machame. Mjukuu wangu wa miaka 9 anakuja kutoka Dar, na kila akipiga simu anasema, «Babu, tutavua samaki.» Sisi wa mlimani hatukukulia kwenye uvuvi, tulikulia kwenye mifongo, ile mifereji yetu ya kumwagilia, na kahawa. Sitaki kumwangusha. Ninunue nini, niende wapi, na je, kuna kibali? — Babu, Machame*

Shikamoo babu. Barua yako niliisoma mara mbili, na ya pili niliisoma kwa sauti.

Nianze na kibali. Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kwenye ziwa au bwawa la umma usitupe mshipi kabla ya kumwona afisa uvuvi wa halmashauri. Ni mtu wa kawaida, ana ofisi, mwulize. Ataeleza pia kwa nini makokoro, yaani nyavu za kukokota, na timba, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zimekatazwa. Mimi sihitaji kuelezwa. Nilipokuwa mdogo, perege wa baba alikuwa mpana kama sahani ya wali. Leo nikienda Lang'ata naona perege wa ukubwa wa kiganja wakiuzwa kwa mafungu, hawajawahi hata kutaga, na naumia moyoni.

Lakini kwa siku ya kwanza usiende bwawani huko. Pale Nyumba ya Mungu wavuvi wenyewe hawasimami majini kizembe, kwa sababu ya mamba, na mtoto wa miaka 9 hasimami mahali pamoja. Nenda kwenye bwawa la kufugia samaki. Siku hizi wakulima wengi wa Hai na Meru wamechimba mabwawa ya sato na kambale. Huyo afisa uvuvi anawajua wote. Mwombe mkulima mmoja mkubaliane: mjukuu atavua kwa ndoana, utakachopata utapima na kulipa kwa kilo. Wengi hukubali, ni biashara kwao. Mtoto akienda mara ya kwanza akarudi mtupu, mshipi utaishia darini. Bwawani pale hatarudi mtupu.

Vifaa usinunue vya dukani. Kata mwanzi mkavu, mrefu kumzidi yeye mara moja na nusu. Nunua mshipi wa nailoni na ndoana ndogo kabisa, maana mdomo wa perege na wa sato ni mdogo. Ndoana kubwa watailamba chambo waiache. Kabla ya lolote, chukua koleo ubane ule mwiba wa nyuma wa ndoana mpaka ulale. Samaki mmoja mmoja atachomoka, lakini ikiingia kwenye kidole cha mtoto itatoka kama ilivyoingia, bila hospitali. Boya kata kwenye kandambili iliyokwisha, kipande cha ukubwa wa kete ya bao, toboa katikati. Kwa chubwi funga nati ndogo ya baiskeli, kiganja kimoja juu ya ndoana. Mshipi wote uwe na urefu wa mwanzi, usizidi. Ukizidi, mtoto anaanza kuzungusha, na ndoana inaangukia sikio la babu.

Chambo unacho kihambani, shambani hapo nyumbani. Kwenye unyevu kando ya mfongo, chini ya majani ya migomba yaliyooza, chimbueni minyoo pamoja jioni ya kuamkia siku ile. Iwekeni kwenye kopo lenye udongo na kifuniko kilichotobolewa. Hiyo ni nusu ya uvuvi, usimnyime kwa kwenda na minyoo iliyokwisha chimbwa. Ugali mkavu uliokandwa ukawa kama gundi nao unafaa.

Fikeni saa moja asubuhi. Simameni nyuma kidogo ya ukingo, kivuli chenu kisianguke majini. Mwambie aangalie boya tu. Litatetemeka, moja, mbili, tatu. Hapo samaki anadonoa na mtoto atataka kuvuta. Shika mkono wake. Boya likianza kwenda pembeni kama linasukumwa, au likizama lote, sasa. Avute juu kwa kiganja, si kwa bega. Kambale yeye hana adabu hiyo, anabeba moja kwa moja, mwanzi unapinda, na hapo mtapiga kelele nyote wawili.

Akitoka majini, sato na perege wana miiba mgongoni. Lowesha mkono, uanzie kichwani, uteleze kurudi mkiani ukiilaza miiba, ndipo ubane. Fanya wewe kwanza, yeye aone, wa pili afanye yeye. Wadogo warudisheni, na yeye ndiye awarudishe, kwa kuwashusha majini, si kuwatupa.

Uliniambia huna ujuzi wa uvuvi, babu, lakini mfongo umeujua. Unajua maji yanapopita kwa kasi, yanapolala, yanapochimba ukingo. Mwambie hayo mkiwa mnasubiri boya. Baba yangu alisema mvuvi mzuri anasoma maji kuliko anavyosoma samaki, na hayo maji umeyasoma miaka 60.

Mkirudi nyumbani, samaki wa kwanza msimkaange. Mkwangueni magamba kwa kijiko kutoka mkiani kwenda kichwani, mtoe matumbo, mmkate mistari mitatu kila ubavu, chumvi na ndimu mpaka ndani ya mistari. Acheni makaa yapungue moto, yawe na jivu jeupe juu, ndipo mmbanike polepole, mkimgeuza mara moja tu. Mama yangu alikuwa akitandika majani ya mgomba juu ya sinia, na huko kwenu hayo hayakosekani. Kichwa ni cha aliyevua. Kwetu Lang'ata kichwa cha samaki wa kwanza hakikuguswa na mtu mwingine, hata mvuvi angekuwa na miaka 5, na watu wazima wote walikaa wakamsubiri amalize kukifyonza.